Picadillo au ropa vieja? Kula sahani moja na mtoto kwenye mgahawa wa Kikuba

Nianze na tahadhari ambayo hakuna aliyenipa mimi. Ukiingia mgahawa wa Kikuba na mtoto anayeongea Kiswahili, neno “pipi” liacheni kwenye gari. Binti yangu ana miaka minne. Siku moja aliona bakuli la peremende karibu na mashine ya kulipia, akapaza sauti: “Mama, nataka pipi! Pipi!” Mhudumu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alitua trei yake palepale, akanivutia kiti nyuma na kutuonyesha mlango wa choo. Kwa Kihispania pipí ni haja ndogo. Mtoto akawa analia kwamba hataki choo anataka pipi, na mama wa watu anamwitikia kwa upole, sí, mami, pipí, kule, kule.

Na hilo “mami” nalo lilimchanganya. Wakuba humwita mtoto wa kike mami na wa kiume papi, kama sisi tunavyomwita binti “mama” kwa sababu amebeba jina la bibi yake. Binti yangu akanigusa begani na kumsahihisha yule mhudumu: “Mami ni huyu.”

Hapa Miami migahawa hii iko kila kona, kuanzia Calle Ocho mpaka Hialeah, na mama wenzangu wanaohamia huku huniuliza swali lilelile: nikienda na mtoto niagize nini, na je, nimnunulie sahani yake au tule moja? Jibu langu fupi: kuleni moja. Chini ya miaka mitano chukua picadillo, ile nyama ya kusaga, ikiwezekana yenye yai juu. Akishapata magego ya kutosha na uvumilivu kidogo, hamia ropa vieja, nyama ya kuchambuliwa nyuzi nyuzi. Sasa nieleze kwa nini, maana ropa vieja ndiyo yenye sifa na ndiyo kila mtu atakayokushauri.

Sahani ya mtoto, au kugawana?

Menyu ya watoto ipo sehemu nyingi. Utakuta vipande vya kuku vya kukaanga vilivyotoka kwenye friza, chipsi, pengine makaroni na jibini. Bei yake ni ndogo na mtoto mgumu wa kula hatakugombeza. Siku akiwa na homa, au mmetoka safarini na kila mtu amechoka, agiza hiyo wala usijilaumu. Ila vipande vile ni vilevile vya uwanja wa ndege, na wala havina uhusiano na Kuba.

Sahani ya mtu mzima ni habari nyingine: nyama, kilima cha wali mweupe, bakuli la maharage meusi na ndizi pembeni. Mimi ni mtu wa Moshi, sina aibu mbele ya chakula, na bado nikiwa peke yangu huwa nafungashiwa nusu. Nikigawana na binti yangu tunatosheka vizuri. Na ukitazama vizuri, mtoto wa kwetu hakuna kitu kigeni anachokutana nacho pale. Wali maharage anaujua. Ndizi za kukaanga anazijua. Pilipili hakuna kabisa, jambo linalowashangaza wageni wanaodhani Kuba na Meksiko ni jiko moja. Ladha inatoka kwenye kitunguu, kitunguu saumu, pilipili hoho, bizari nyembamba, oregano na jani la bay. Ukitaka ukali itabidi uombe chupa, na chupa yenyewe huja baada ya kutafutwa.

Mkishaketi tu omba sahani tupu: un plato vacío, por favor. Usingoje chakula kifike, maana mhudumu akishaondoka kumpata tena ni kazi. Sehemu chache hutoza ada ya kugawana sahani, na huandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu, kwa hiyo pitisha macho kwanza.

Halafu kuna mkate. Unaletwa kabla ya chochote, mrefu, mwepesi, umepakwa siagi na kubanwa kwenye chuma cha moto mpaka ganda linavunjika kama biskuti. Ni mtamu na ni mtego. Mtoto mwenye njaa atakula vipande vitatu, na sahani ikifika yeye ameshashiba anacheza na chombo cha chumvi. Namkatia kimoja, kikapu nakisogeza kwangu.

Wawili wenyewe

Picadillo ni nyama ya kusaga ya ng'ombe iliyopikwa na nyanya, hoho, vitunguu, zeituni za kijani na mara nyingi zabibu kavu, wengine wakiongeza vipande vidogo vya viazi. Ropa vieja ni nyama ya ubavuni, ile yenye nyuzi ndefu, inayochemshwa mpaka ilegee, kisha inachambuliwa kwa mkono na kurudishwa kwenye mchuzi wa nyanya na hoho. Jina lake maana yake ni “nguo kuukuu”, na kweli ukiiangalia kwenye sahani inafanana na shuka lililochakaa likaanza kuchanika. Kuna hadithi ya mzee fukara aliyekosa nyama ya kuwapikia wageni akachemsha nguo zake, zikageuka kitoweo. Kwa hadithi, ropa vieja imeshinda. Binti yangu aliposikia tunakula nguo alifungua mdomo bila kubembelezwa.

Tatizo lilikuja baada ya kutafuna. Ule uzi wa nyama ni laini ukiuonja wewe, lakini mtoto wa miaka minne hautafuni ukakatika. Anauzungusha, anauzungusha, kisha nusu inashuka kooni na nusu inabaki imenasa kwenye gego. Nikamwona ametulia ghafla, macho makubwa, mdomo wazi, ananionyesha kidole ndani. Nikaingiza vidole viwili nikavuta. Ukaja uzi mmoja mrefu kama kidole changu cha kati, kama mtu anayechomoa katani kwenye gunia. Meza ya jirani waliacha kula. Tangu siku ile, ropa vieja kwa mtoto mdogo lazima uikate kwa kisu kukatisha nyuzi, upana wa ukucha, na ukishamaliza kuikata hivyo umejitengenezea picadillo yako mwenyewe kwa bei ya juu zaidi. Maana ropa vieja huwa ghali kuliko picadillo.

Picadillo nayo ina mitego yake, ila unaiona kwa macho. Zeituni nzima ni ya mviringo na inateleza, na hiyo kwa mtoto wa chini ya miaka minne ni hatari ya kukabwa. Kabla hujamgawia, pitisha uma kwenye nyama yote, zitoe zeituni uzikate vipande vinne au uzile wewe. Huwa zimeshatolewa kokwa, lakini hakikisha. Zabibu zinagawa watoto makundi mawili: wapo wanaozichokoa zote kama pipi (nimelisema tena), na wapo wanaokataa sahani nzima kwa sababu kuna kitu kitamu ndani ya nyama. Wa kwangu ni kundi la kwanza. Wa jirani yangu ni la pili, na kwa mtoto kama huyo uliza picadillo yao ina pasas au haina, maana mpishi na mpishi.

Kinachonifanya niipigie kura picadillo ni kijiko. Mtoto anakula mwenyewe. Nyama inakamatana na wali, maharage yanaifunika, kijiko kinapanda kikiwa kimejaa na kinafika mdomoni na zaidi ya nusu. Ropa vieja inataka uma, na uma kwa mtoto huyu ni silaha.

Na kuna lile yai. Ukisema picadillo a caballo, yaani “iliyopanda farasi”, wanakuwekea juu yake yai la kukaanga lenye kiini kizima. Mwachie mtoto kazi ya kulitoboa. Kiini kinashuka kwenye wali, yeye anajiona amepika. Kama kwako mayai mabichi mabichi hayaliwi na mtoto, omba liive vizuri, bien frito, burudani inapungua lakini lishe iko palepale.

Zote mbili zinafika mezani haraka kwa sababu ni mchuzi uliopikwa tangu asubuhi, wanapakua tu. Hilo si dogo. Vaca frita, ambayo ni nyama hiyohiyo ya nyuzi lakini imekaangwa na vitunguu na ndimu mpaka kingo zinakauka, au bifteki nyembamba inayoitwa palomilla, hupikwa ukishaagiza. Ukiwa na mtoto mwenye njaa, dakika hizo ni ndefu. Vaca frita kwa mtoto siiongelei zaidi. Ni chakula changu mimi siku nikitoka bila yeye.

Wengine kwa ufupi

Arroz con pollo, wali wa njano uliopikwa na kuku, ndugu wa mbali wa pilau. Watoto wanaupenda, lakini kuku ana mifupa na utakuwa unachambua muda wote chakula chako kinapoa. Fahamu pia kwamba wapishi wengi wa Kikuba huupika na bia.

Sandwichi ya Kikuba inagawanyika vizuri kuliko chochote, inakuja imeshakatwa mshazari. Ndani ni paja la nguruwe lililokaushwa, nguruwe wa kuoka, jibini la Uswisi, haradali na matango ya siki, vyote vimebanwa kwa moto. Ukienda Tampa wataongeza salami, urithi wa Waitaliano walioishi na Wakuba kwenye viwanda vya sigara vya Ybor City, na watu wa Miami watakwambia hiyo si sandwichi ya Kikuba. Usiingilie ugomvi huo. Kwa mtoto omba medianoche, ni vitu vilevile kwenye mkate laini wenye utamu kidogo. Ule wa kawaida una ganda linalochoma kaakaa.

Kama wako ni mchanga, hajafika miaka miwili, achana na haya yote uulize kama wana puré de malanga. Malanga ni jamii ya magimbi, na kwa Wakuba ndiyo chakula cha kumwanzishia mtoto, kama bibi wa Moshi anavyoshika mtori. Ukikosa, supu ya kuku yenye tambi, sopa de pollo, ipo karibu kila mgahawa. Itapoa polepole, iombe kwanza kabla ya vingine.

Ndizi: hapa hakuna mjadala, lakini

Utaulizwa maduros au tostones. Zote ni mzuzu. Maduros ni mzuzu ulioiva mpaka ganda limekuwa jeusi, unakatwa mshazari na kukaangwa, ndani laini, kingo zimeungua kidogo kwa sukari yake yenyewe. Tostones ni mzuzu mbichi: unakaangwa, unapondwa ukawa bapa, unakaangwa tena na kunyunyizwa chumvi. Kwa mtoto, maduros. Tostones zikiwa za moto ni tamu, lakini zikikaa dakika kumi zinageuka mbao, na mtoto hali chochote ndani ya dakika kumi.

Binti yangu alipoonja maduros mara ya kwanza aliuliza, “Bibi amekuja?”

Nasema “lakini” kwa sababu mimi ni Mchaga, na ndizi mbivu na nyama kwenye sahani moja nilizizoea kwa tabu. Suluhisho letu: sahani inakuja na maduros, hizo zake. Mimi naagiza tostones pembeni na kibakuli cha mojo, mchuzi wa kitunguu saumu na maji ya danzi, nachovya. Kama sehemu ina muhogo, yuca con mojo, chukua huo badala yake, ila utoe ule mzizi mgumu wa katikati kabla mtoto hajauma.

Kwa asiyekula nguruwe

Hapa sikiliza vizuri, maana makosa ni rahisi. Rafiki yangu wa Mombasa tulikwenda naye pamoja na mwanawe wa miaka sita. Akaona croquetas, vile vidonge virefu vya kukaanga, akauliza kwa Kihispania chake cha kutafuta: ¿tiene carne? Zina nyama? Mhudumu akajibu bila kusita kwamba hazina. Mtoto akauma. Rafiki yangu akaitazama iliyobaki, akainusa, akaniuliza mimi. Ilikuwa jamón, paja la nguruwe.

Mhudumu hakudanganya. Kwa Mkuba, carne ukiitaja hivihivi ni ya ng'ombe. Nguruwe ana majina yake, na lazima uyataje moja moja: puerco, jamón, tocino, chorizo, na manteca. Hilo la mwisho ndilo linalowaponyoka wengi. Manteca ni mafuta ya nguruwe, na mkate wa Kikuba wa asili hukandwa nayo. Maharage meusi nayo, yanayoonekana hayana hatia, sehemu nyingi huanzishwa na kipande cha nguruwe. Wali uliopikwa pamoja na maharage, moros au congrí, hivyohivyo. Mafuta ya kukaangia ndizi pengine yamepitia ngozi za nguruwe. Na hao wawili wangu, picadillo na ropa vieja, hutiwa mvinyo wa kupikia unaoitwa vino seco, achilia mbali suala la uchinjaji.

Kwa hiyo kwa rafiki yangu ulinganisho wangu wote hauna kazi, na aliniambia hivyo: “Wewe wanieleza nyama mbili, mie zote mbili hazinihusu.” Siku hizi yeye huagiza kamba kwenye mchuzi wa nyanya, camarones enchilados, ambao licha ya jina hawana pilipili, akishauliza mvinyo kwanza, au pargo mzima wa kukaanga, samaki anayemkumbusha changu wa kwao. Mwanawe anakula kitu ambacho hakimo hata kwenye kurasa za mbele za menyu: wali mweupe, yai la kukaanga, na maduros akishaulizia mafuta. Wakuba wanakula hivyo nyumbani mwezi ukiwa kwenye kona, na ndicho chakula rahisi kuliko vyote mezani. Binti yangu huishia kumwibia.

Dirishani au mezani?

Migahawa mingi ina dirisha la kahawa upande wa barabara, ventanita, ambapo wazee husimama wakinywa na kubishana siasa. Kwa mtoto ni pazuri kwa dakika kumi na tano: keki ya mapera ya unga wa tabaka tabaka, juisi, mnaondoka. Sahani ya kugawana huwezi, hakuna pa kukaa. Ndani ya ukumbi mkubwa kama Versailles, uliopo Calle Ocho tangu 1971, kuna kelele za kutosha kufunika za mtoto wako, na vioo kila ukuta vinavyompa kazi ya kujitazama mpaka chakula kifike. Mimi nachagua kelele. Mgahawa mdogo wenye utulivu na vitambaa vya meza ni mateso kwa kila mtu.

Jambo moja la mavazi. Ile fulana yenye sura ya Che Guevara, mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Kuba, tunayoivaa Dar bila kuwaza, Miami iache kabatini. Waliojaza migahawa hii ni watu waliokimbia mapinduzi yake, na watoto na wajukuu wao. Na wewe pia usianze kusimulia kwamba mwaka 1965 alikuja msituni Kongo akajipa jina la Tatu, kwa Kiswahili chetu. Mimi ninalifikiria kila binti yangu anapohesabu vipande vya ndizi kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ninanyamaza.

Vinywaji na bili

Batido moja, vijiti viwili. Ni matunda, maziwa, sukari na barafu vilivyosagwa pamoja, na glasi huwa kubwa. Mamey kwa rangi yake ya matofali huwavutia watoto. Ya trigo, ngano iliyopulizwa kama bisi, ina ladha ya uji mtamu wa baridi na ndiyo chaguo letu. Ukitaka ya papai, sema fruta bomba. Papaya kwa Wakuba wengi ni neno la chumbani, na mtoto akilitamka kwa sauti meza zitacheka. Agiza batido ije na chakula, isije kabla, kwa sababu ileile ya mkate.

Kahawa ya colada huja kwenye kikombe kimoja na vikombe vingine vidogo kama vifuniko vya chupa, nayo ni ya kugawana, lakini si na mtoto: ni nzito na ina sukari ya kutosha kumkesheza mtu mzima. Ukiona mtoto wa Kikuba anachovya mkate kwenye maziwa ya rangi ya chai, hiyo ni café con leche, nyumba zao na desturi zao.

Bili ikija, itazame kabla ya kuweka bakshishi. Miami sehemu nyingi wameshaijumlisha, asilimia 18 au 20, imeandikwa service au servicio. Nimelipa mara mbili zaidi ya mara moja, mtoto akiwa amelala begani na mkono mmoja ndio unaosaini.

Kisha omba boksi. Hapa ndipo picadillo inapoiacha ropa vieja mbali. Wali uliobaki utakakamaa, ndizi zitalainika, lakini ile nyama ya kusaga iliyokwisha kuungwa ni sambusa iliyokosa manda tu. Wakuba wenyewe huijaza kwenye empanada. Naichuja mchuzi, natoa zabibu au naziacha kutegemea nani anakuja, nafunga pembe tatu. Robo sahani inatoa sambusa nane, na binti yangu anazihesabu zikiwa bado kwenye mafuta.